Saini Zetu: Hotuba kwa Wenzangu wa Iliyokuwa East African Airways

Hotuba hii ilitolewa jijini Dar es Salaam mbele ya wastaafu wa lililokuwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki na familia zao. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya wenzetu ambao umri, maradhi au umbali viliwazuia kufika.

Wazee wenzangu, dada zangu na kaka zangu wa zamu zote, wajane na wagane wa wenzetu waliotangulia, watoto na wajukuu mliotushika mkono mpaka hapa: nawasalimu kwa heshima. Kwa wale walionizidi umri, ambao sasa ninaweza kuwahesabu kwa vidole nikiwa nimesimama hapa mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya kumbukumbu za kazi. Nimekaa na ombi hilo wiki tatu, na kila nilipoanza kuandika nilijikuta niko Entebbe, mara niko Mtwara, mara niko ndani ya karakana ya Embakasi, uwanja wa ndege wa Nairobi, nanusa mafuta ya ndege, na karatasi imejaa kabla sijasema neno. Mwisho nimechagua kitu kimoja tu. Sitazungumza juu ya uzuri wa ndege zetu, ingawa zilikuwa nzuri. Sitazungumza juu ya sare zetu, ingawa najua wapo dada zangu humu ukumbini ambao bado wanazo kabatini, zimekunjwa vizuri na kuwekewa dawa ya nondo. Nataka kuzungumza juu ya saini.

Kwanza niwape watoto wetu mahali pa kusimama, maana wengi wao wamekua wakisikia jina la shirika hili kama watu wanavyosikia jina la mjomba aliyefariki kabla wao hawajazaliwa. Shirika lilianza kazi tarehe 1 Januari 1946, likiwa na ndege sita aina ya Dragon Rapide, ndege ndogo za mbao na kitambaa zenye mabawa mawili kila upande, moja juu na moja chini. Wenye mali walikuwa serikali nne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Zikaja Dakota, zikaja Argonaut; mwaka 1960 ikaja Comet, ndege ya jeti, wakati ambapo hapa kwetu bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea; na mwaka 1966 ikaja Super VC10, yenye injini nne zote zimekaa nyuma karibu na mkia. Mimi niliajiriwa mwaka 1968, kijana wa miaka 20 kutoka Tanga, nikakuta shirika linalofika London, Karachi na Bombay, na wakati huohuo linafika Nachingwea.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulikuwa umesainiwa Kampala tarehe 6 Juni 1967, ukaanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huohuo. Kila shirika la Jumuiya lilipewa makao yake: bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, reli na ndege Nairobi. Ndege nazo zikasajiliwa kwa zamu katika nchi tatu. Wenzangu hamuhitaji kukumbushwa, lakini wajukuu wasikie: ndege yenye herufi 5Y ni ya Kenya, yenye 5H ni ya Tanzania, yenye 5X ni ya Uganda. Super VC10 zetu zilikuwa tano, nazo ni 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG. Hesabuni wenyewe: mbili za Uganda, mbili za Tanzania, moja ya Kenya. Sasa nawauliza wenzangu mliokuwapo: ni nani kati yenu aliyewahi kumsikia mtu kazini akisema kwamba ndege hii ni yetu na ile ni yenu? Mimi sikumsikia. Wapo pia hapa wenzetu wa Simbair, tanzu yetu ya safari za kukodiwa, ambao hawakuwa na ratiba isipokuwa ya yule aliyekodi; nao watasema vivyo hivyo.

Sasa, saini.

Ndege haikuondoka kwa neno la mdomo. Fundi alisaini daftari la ndege kwamba ameikagua na inafaa kuruka. Aliyetia mafuta alisaini kiasi alichotia. Aliyepakia alisaini kilichoingia na mahali kilipowekwa. Mimi, karani wa uzito, nilijumlisha ndege tupu, mafuta, abiria, mizigo na mifuko ya posta, nikapiga hesabu ya kitovu cha uzito, yaani mahali uzito wote unaposawazika, kisha nikasaini. Mwisho kabisa rubani aliyasoma yote hayo, akasaini kwamba ameyapokea. Ndege iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi na Entebbe ilikuwa imekaguliwa usiku na fundi wa Machakos, imepakiwa asubuhi na vijana wa Kisarawe, na mbele kulia amekaa rubani msaidizi mwenye kwao Masaka. Watu hao huenda hawakuwahi kuonana hata siku moja. Walichokuwa nacho ni mwandiko wa mwenzao, na kwa mwandiko huo waliweka rehani roho za abiria na roho zao wenyewe.

Je, mnajua ni jambo kubwa kiasi gani hilo? Mimi nilipokuwa kijana sikulijua. Nililifundishwa, na aliyeanza kunifundisha ni mzee mmoja wa kituo cha Mtwara.

Mwaka 1969 nilipelekwa Mtwara kwa miezi minne kushika nafasi ya mwenzetu aliyekuwa likizo. Mnakikumbuka kiwanja kile na Dakota zetu zilizokaa zimeinamisha mkia, hata abiria akiingia kwa mlango wa nyuma ilimlazimu kupanda mlima kwenda kwenye kiti chake. Katika vituo vidogo kama kile tulipima kila kitu, na abiria naye alipanda mizani. Watoto huwa wanashangaa ninapowaambia hivyo. Uzito wa ndege, wajukuu zangu, si jumla peke yake bali ni jumla pamoja na mahali, kwa sababu mzigo ukizidi nyuma ndege inainua pua pasipotakiwa, na ukizidi mbele inakuwa nzito kuinuka. Tena hewa ya joto ni nyepesi na bawa hupata tabu kuegemea juu yake, ndiyo maana ndege ileile iliruhusiwa kubeba kidogo saa nane mchana wa Februari kuliko saa kumi na mbili asubuhi, na ndiyo maana Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ilitupa hesabu ngumu kuliko Dar es Salaam.

Siku hiyo alikuja bibi mmoja mwenye kikapu cha korosho, amejifunga kanga mpya kwa ajili ya safari ya kumwona mwanawe. Nikamwelekeza kwenye mizani mbele ya watu wote, kwa sauti ya ofisi. Akakataa. Akaniambia, "Mimi si gunia la korosho." Watu wakacheka, nami nikakasirika, kwa sababu nilikuwa na karatasi yangu na nafasi moja ndani yake ilikuwa haijajazwa. Yule mzee wa kituo akatoka ofisini. Hakumwambia bibi kwamba ni sheria. Alipanda yeye kwanza juu ya mizani akiwa na viatu vyake, akamwonyesha bibi jinsi mshale unavyokwenda, akashuka, akasema, "Bibi, gunia tunalipima tulitoze. Wewe tunakupima ufike." Kisha akaigeuza mizani uso wake ukaelekea ukutani, ili namba ionwe na karani peke yake. Bibi akapanda. Kuanzia siku ile mizani ya Mtwara ilitazama ukuta, na ninaambiwa na waliokuja baada yangu kwamba waliikuta hivyo, wasijue ni kwa nini.

Jioni mzee yule aliniita, akaniwekea mbele ile karatasi niliyosaini. Akaniuliza kama kila namba niliyoiandika niliiona kwa macho yangu, au nyingine nilikisia ili nimalize. Nilijibu kwamba niliziona zote. Akasema kwamba ningemtisha bibi yule akaondoka, au angepanda mizani kikapu akiwa amekiacha chini kwa aibu, karatasi yangu ingekuwa na namba lakini isingekuwa na ukweli. Nimesoma vitabu vingi vya kazi tangu wakati ule. Sijasoma mahali palipoeleza vizuri zaidi kwa nini abiria aheshimiwe.

Ndugu zangu, mnadhani baada ya somo hilo sikukosea tena? Nilikosea, na kosa lenyewe nitalieleza hapa kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

Ilikuwa mwaka 1970, hapa Dar es Salaam. Ndege yetu moja aina ya Friendship ilikuwa inaondoka asubuhi kwenda Zanzibar, Tanga na Mombasa. Nilikuwa nimesaini karatasi, rubani amesaini, mlango umefungwa na injini moja imeshawashwa. Wenzangu mnausikia bado ule mluzi wake. Nikawa narudi ofisini, nikaiona mezani hati ya mifuko mitatu ya posta iliyopakiwa nyuma. Sikuwa nimeihesabu. Ilikuwa imepakiwa na kusainiwa na mpakiaji, lakini katika jumla yangu haikuwamo.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Najua hivyo kwa sababu hesabu niliipiga palepale kichwani: ndege haikuwa imejaa, uzito ulikuwa mbali na kikomo, na kitovu kilisogea kidogo tu. Ingeruka, ingefika, na hakuna ambaye angejua. Ile hati ningeitia mfukoni. Lakini karatasi aliyokuwa nayo rubani magotini ilikuwa ya uongo, na chini yake palikuwa na jina langu.

Nikatoka mbio nimeinua mikono yote miwili. Fundi wa uwanjani, kijana wa Kisumu ambaye nitamrudia mbele, aliniona kwanza akampa rubani ishara ya kuzima. Injini ikazimwa. Rubani alishuka mwenyewe, na mimi nikiwa natetemeka nikamwonyesha hati na hesabu mpya. Aliisoma yote mstari kwa mstari, akachana ile ya kwanza mbele yangu, akasaini ya pili. Hakunikaripia. Ndege iliondoka imechelewa dakika 25.

Baada ya wiki mbili niliitwa na mkuu wa kituo, nikapewa barua mbili kwa wakati mmoja. Barua ya kwanza ilikuwa onyo kwa kusaini karatasi pasipo kuhakiki mifuko ya posta. Barua ya pili ilikuwa shukrani kwa kusimamisha ndege. Zote mbili ziliwekwa katika faili langu, na mkuu alinitaka nisaini kwamba nimezipokea zote mbili. Nilipomuuliza kama moja haifuti nyingine, alisema hapana, zote zimetokea. Nimelea watoto watano kwa barua zile mbili. Wanangu wapo hapa, waulizeni.

Nani alisaini? Hilo ndilo lilikuwa swali letu la kila siku. Mzigo umechelewa, nani alisaini? Tairi limebadilishwa, nani alisaini? Swali halikuwa la kutafuta wa kumtia hatiani. Lilikuwa la kumtafuta mwenye habari, yule aliyeiona kwa macho yake, ili aulizwe.

Mwaka 1971 nilihamishiwa Embakasi. Hapo nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo miaka niliyoipenda kuliko yote. Mwaka huo shule ya urubani ya Soroti ilianzishwa, na tukaanza kuhesabu miaka ya kuwapata marubani wengi waliosomeshwa Uganda kwa ajili ya nchi zote tatu. Uwanja wa Kilimanjaro nao ulifunguliwa Desemba. Karakana ya Embakasi usiku ilikuwa kama soko la lugha. Kiingereza kilikuwa cha vitabu na cha daftari la ndege. Kiswahili kilikuwa cha kazi yenyewe, cha "shika hapa" na "legeza kidogo" na "ngoja, ngoja, ngoja". Mganda alikisema kwa namna yake, Mjaluo kwa namna yake, nami Mtanga nilijiona bingwa mpaka mfanyakazi mmoja mzee wa Lamu aliponisahihisha mbele ya watu, nikakubali. Tulikula pamoja chini ya taa za karakana, ugali wa huyu na matoke ya yule, na mkubwa wa zamu alikula palepale tulipokula sisi. Sisemi hatukugombana. Tuligombana juu ya mishahara, juu ya nyumba, juu ya nani kapandishwa cheo na katoka wapi. Lakini ikifika saa ya kusaini, hakuna aliyetazama jina la mtu akauliza kwao ni wapi. Alitazama kama kazi imefanyika.

Sasa nitataja siku ambayo wengi wetu tungependa isitajwe, na naomba dada zangu mliopoteza wenzenu wa karibu mnisamehe. Tarehe 18 Aprili 1972, ndege yetu 5X-UVA ilikuwa katika safari namba 720 kutoka Nairobi kwenda London kupitia Addis Ababa na Rome. Ilipokuwa inakimbia ili ipae kutoka Addis Ababa, tairi la mbele lilikanyaga kipande cha chuma cha kuwekea jeki, kilichodondoka barabarani kutoka ndege ndogo, likapasuka. Rubani aliamua kusimama. Ndege haikusimama kwa wakati, ikapita mwisho wa barabara, ikaanguka mahali penye mteremko na kushika moto. Kati ya watu 107 waliokuwamo, 43 walifariki, wakiwamo wenzetu wa kazi. Uchunguzi ulieleza kwamba breki hazikuwa na nguvu yake yote, kwa kuwa baadhi ya sehemu zake hazikuwa zimefungwa sawasawa.

Sinyooshei mtu kidole. Nilikuwa zamu ya asubuhi siku ile. Habari ilikuja kwa simu, na aliyeipokea aliiweka simu chini taratibu sana, akabaki ameishika. Nyuso za wahudumu waliopita mbele yetu wakienda kupanda ndege ile ninaziona hadi leo. Ninalotaka kulisema ni hili: katika wiki zilizofuata, karakana nzima ilisaini polepole. Palikuwa na fundi mkubwa, mtu wa Uganda, ambaye alianza kusoma kila mstari wa daftari kwa sauti huku amewekea kidole, neno kwa neno, na mwisho wa mstari alikwenda kuitazama tena sehemu aliyoisoma kabla ya kuweka jina lake. Alikuwa na uzoefu wa miaka mingi na hakuhitaji kusoma kwa sauti. Vijana walimtazama, wakaanza kusoma kwa sauti nao. Usiku ungeweza kusikia sauti tatu, nne, zinasoma pembe mbalimbali za karakana, kama watoto wa chuoni. Hakuna aliyewaamrisha. Tangu asubuhi ile ya Aprili kila mmoja wetu alijua kwamba jina lake chini ya karatasi linaweza kubeba watu 107.

Mnajua yaliyofuata, na wanahistoria wameyaeleza kuliko nitakavyoweza. Baada ya mapinduzi ya Uganda ya tarehe 25 Januari 1971, marais watatu waliokuwa mamlaka ya juu ya Jumuiya hawakukutana tena. Fedha zilizokusanywa katika nchi moja zikawa hazivuki kwenda makao makuu. Mimi nilirudishwa Dar es Salaam mwaka 1975, na kila mwezi tuliona kitu kimoja kinapungua: safari moja, kipuri kimoja, mtu mmoja.

Mwishoni mwa Januari 1977 ndege zikasimama. Kila usiku mashine ya teleksi ilikuwa inatuletea mpango wa ndege wa siku ya pili, nami nilikuwa na desturi ya kuukata kwa rula na kuubandika ubaoni. Usiku mmoja mashine haikulia. Tulikaa wanne tukiingoja. Mmoja wetu akaenda kuangalia kama karatasi imekwisha, akakuta ipo. Akaangalia waya, akaukuta mzima. Tukakaa mpaka alfajiri, na asubuhi walikuja abiria na tiketi zao mikononi, tukawa hatuna la kuwaambia. Tarehe 4 Februari 1977 Kenya Airways ilianza safari zake, na siku hiyohiyo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mwezi Machi ikaundwa Air Tanzania. Kufikia mwisho wa Juni Jumuiya haikuwapo.

Nani alisaini? Naomba mnivumilie niulize. Ndege ikizuiwa kuruka, lazima yuko fundi aliyesaini kwamba haifai. Katika wiki zile sikumwona fundi aliyesaini hivyo. Friendship tuliyokuwa nayo uwanjani ilikuwa nzima, nilimwuliza aliyeikagua, naye akanionyesha daftari: hakuna kasoro. Palikuwa na saini ya fundi, na mizigo ilikuwapo, na abiria walikuwapo, na rubani alikuwapo. Kwa miaka tisa nilikuwa nimefundishwa kwamba vitu hivyo vikikamilika ndege inaruka. Sijapata bado, katika umri huu, karatasi ya kunieleza kwa nini haikuruka.

Juu ya mafao yetu sitasema mengi leo, si kwa kuwa ni jambo dogo, bali kwa kuwa wapo hapa wenzangu waliolifuatilia hadi mahakamani na wanalijua kwa undani. Niwakumbushe vijana tu kwamba msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alianza kazi mwaka 1978, na makubaliano ya kugawana mali na madeni yakasainiwa Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26, na kila nchi ikachukua jukumu la kuwalipa watu wake waliokuwa watumishi wa Jumuiya. Hapa kwetu shauri la wazee liliendelea hadi hati ya makubaliano ya mwaka 2005. Kuna wenzetu waliokufa katikati ya miaka hiyo. Majina yao yatasomwa baadaye leo, na naomba tusimame wote yatakaposomwa, wanaoweza kusimama.

Wengi mmeniuliza mlangoni habari za VC10. Zile nne zilizobaki zilirudi Uingereza, zikanunuliwa na Jeshi la Anga la huko, zikafanywa ndege za kubeba mafuta na kuzijaza ndege nyingine zikiwa angani. 5H-MOG, ambayo ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa duniani, ilipewa namba ZA150, ikafanya safari yake ya mwisho kwenda Dunsfold tarehe 24 Septemba 2013. Siku iliyofuata, tarehe 25 Septemba 2013, ile iliyokuwa 5H-MMT, ikiitwa ZA147, ilitua Bruntingthorpe, na baada yake hakuna VC10 iliyoruka tena popote. Sikilizeni vizuri: VC10 ya mwisho kuruka duniani ilikuwa ile tuliyoipakia sisi, iliyobeba herufi za Tanzania. Binti yangu alinionyesha picha zake kwenye kompyuta. Alidhani nitalia. Mimi nilikuwa nawaza jambo jingine, kwamba kumbukumbu za matengenezo huifuata ndege kila iendako, kwa hiyo kwa miaka 36 baada ya shirika kufa, mahali fulani katika makabati ya watu wasiotujua, majina ya mafundi wa Machakos na Masaka na Moshi yaliendelea kukaa chini ya kazi waliyoifanya, na watu hao wasiotujua wakayategemea.

Nimalizie na yule kijana wa Kisumu, aliyempa rubani ishara siku ya mifuko ya posta. Yeye pia alihamishiwa Embakasi, na tulikaa meza jirani kwa miaka minne. Nilipoondoka mwaka 1975 nilisahau katika mtoto wa meza rula yangu ya kukokotolea, ile ya kuteleza tuliyoitumia kabla ya mashine za hesabu kufika kwetu. Tuliahidiana kwamba ataileta. Kisha mpaka ukafungwa, na ukakaa umefungwa hadi Novemba 1983.

Mwaka 1984 alikuja. Alisafiri kwa basi kupitia Namanga, akafika kwangu Temeke jioni, ana mvi ambazo sikuwa nimeziona. Tulisalimiana muda mrefu. Kabla hajanywa maji alifungua mfuko wake akatoa rula, imefungwa katika kitambaa safi cha karakana, na chini ya rula palikuwa na karatasi iliyochapwa kwa mashine. Ilikuwa hati ya makabidhiano: kitu, idadi, hali yake, tarehe aliyokichukua mezani, tarehe ya kukirudisha. Upande wa kushoto alikuwa ameshasaini. Upande wa kulia palikuwa wazi. Akaniambia, "Ndugu yangu, nimekaa na mali yako miaka tisa bila saini yako. Nisaidie nilale."

Nikasaini. Yeye alifariki miaka mingi iliyopita, Mungu amlaze mahali pema. Rula ile ipo hapa mezani pamoja na hati yake, na baada ya chakula kila mtu anakaribishwa kuitazama.

Pembeni yake mtaona daftari jipya. Wajukuu wetu wamelipiga mistari wenyewe. Nawaomba, kabla hamjaondoka, kila mmoja aandike humo ukurasa mmoja wa kazi yake: kituo, mwaka, zamu, ndege gani, na hasa uandike ulikuwa ukisaini nini. Usiandike kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Andika jinsi ulivyofunga tairi la Dakota, jinsi ulivyopanga trei za chakula katika jiko la VC10, jinsi ulivyomtuliza abiria wa kwanza kupanda ndege maishani mwake. Mwenye picha au barua azitoe, vijana watazipiga nakala na kukurudishia leo hii, na utapewa hati ya kuonyesha zimepokelewa na zimerudi. Ambaye macho yamechoka amwite mtoto amwandikie. Lakini chini ya ukurasa asaini mwenyewe.